Dawa za nano wodini: jinsi ya kuzitoa bila kuichokoza kinga ya mgonjwa

Kama wewe ni muuguzi, tabibu au mfamasia wa Mtwara au Lindi, huenda umeshatoa dawa ya nano mara nyingi bila mtu kukuambia kuwa ndiyo hiyo. Chuma cha mshipani anachowekewa mama mjamzito mwenye upungufu wa damu ni chembe za nano. Amfoterisini B ya liposomu (viputo vidogo vya mafuta vinavyobeba dawa), anayopewa mgonjwa wa VVU aliyeshikwa na fangasi kwenye utando wa ubongo, ni nano. Ya tatu ni doksorubisini ya liposomu kwa saratani ya Kaposi, na chanjo za mRNA za UVIKO-19 zimo pia.

Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Liposomu nyingi za dawa zina kipenyo cha nanomita 80 hadi 100, na ukubwa huo unakaribiana sana na wa virusi vingi. Shida na kinga ya mwili inaanzia hapo: mwili umezoea kupambana na vitu vya ukubwa huo.

Viwanda vimefanya kazi kubwa kuzipoza chembe hizi ili zisiichokoze kinga. Lakini kazi hiyo inaweza kuharibika dakika moja tu mezani kwetu, kwa maji yasiyo sahihi au dripu iliyofunguliwa kwa haraka. Mwongozo huu ni wa mtu anayechanganya dawa na kukaa na mgonjwa. Hauchukui nafasi ya karatasi iliyomo ndani ya boksi wala mwongozo wa matibabu wa Taifa. Ukiona vinatofautiana na niliyoandika, fuata hivyo.

Kabla ya yote, fahamu kinachotokea

Chembe ya nano ikiingia kwenye damu, protini za damu huanza kuigandia papo hapo. Baadhi ya protini hizo ni za mfumo wa komplementi, ambao ni sehemu ya kinga tuliyozaliwa nayo. Zikiwaka, hutoa vipande vinavyoitwa C3a na C5a, navyo huzichochea seli zinazomwaga histamini. Mgonjwa huhisi joto usoni, kifua kinabana, mgongo unauma, presha inashuka. Mtafiti wa Hungaria János Szebeni na wenzake waliipa hali hii jina lake la kitaalamu mwaka 1999, wakiitofautisha na mzio wa kawaida.

Tofauti yenyewe ni ya kushika. Mzio wa kawaida unahitaji mtu awe ameshakutana na kitu hicho, mwili ukatengeneza kingamwili, kisha ukalipuka mara ya pili. Huu wa komplementi unaweza kuja dozi ya kwanza kabisa, na mara nyingi hupungua kadiri dozi zinavyoendelea. Kwa hiyo ile kauli ya zamu, "huyu hajawahi kupata dawa hii, hana tatizo," haina msingi kwa dawa hizi. Dozi ya kwanza ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Na kasi ina uzito. Fikiria walinzi wa ghala la chama cha msingi msimu wa korosho. Magunia yakija moja moja wanayakagua na kuyapitisha. Lori zima likisukumwa getini kwa mara moja, filimbi inapulizwa. Komplementi nayo hivyo hivyo: chembe zilezile, kwa idadi ileile, zinaweza kupita kimya zikiingia polepole na kuleta vurugu zikiingia kwa kishindo.

Viwanda hutumia njia kadhaa kuifanya chembe isitambulike haraka. Moja ni kuivika nyuzi za PEG (polietilini glikoli), zinazozuia protini kuigandia na kuifanya ikae muda mrefu kwenye damu bila kumezwa na seli za ini na wengu. Lakini baadhi ya watu wana kingamwili dhidi ya PEG yenyewe, kwa kuwa inapatikana pia kwenye vipodozi na dawa nyingine. Kwa mRNA, molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini, Katalin Karikó na Drew Weissman walionyesha mwaka 2005 kwamba kubadilisha mojawapo ya herufi za molekuli hiyo kunaipunguzia makali ya kuiamsha kinga. Wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2023. Sisi wodini hatubadilishi herufi wala nyuzi. Tunachoweza ni kutoharibu.

Hatua ya 1: Hakikisha dawa ilifika ikiwa nzima

Doksorubisini ya liposomu inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na isigande hata mara moja. Amfoterisini ya liposomu, kabla ya kuchanganywa, kwa kawaida haitakiwi kuzidi nyuzi 25. Mtwara mwezi Novemba, chumba cha stoo chenye dirisha la jua na feni moja hakiwezi kubaki chini ya hapo. Weka kipimajoto, andika asubuhi na jioni, na usiandike namba ya jana kwa mazoea.

Liposomu ni kiputo cha mafuta chenye dawa ndani. Ikiganda au ikipata joto kali inaweza kupasuka au kushikana na nyingine. Mabonge yakiingia mshipani, kinga inayaona haraka kuliko chembe moja moja, na dawa iliyovuja haipo tena ndani ya ganda lililoipunguzia sumu. Unaposafirisha dawa kwenye kasha la baridi, acha pakiti za barafu zitoe jasho kwanza, na weka kitambaa au kadibodi kati yake na boksi la dawa. Barafu nayo huharibu dawa, si joto pekee.

Barabara nayo ina neno. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi maeneo ya Somanga, mizigo ilikwama. Kasha likichelewa namna hiyo, usipokee dawa kwa kuangalia tarehe ya mwisho pekee. Uliza lilikaa wapi na kwa joto gani. Kama hakuna anayejua, litenge na umpigie mfamasia kabla halijaingia kwenye friji pamoja na mengine.

Hatua ya 2: Kaa na mgonjwa, uulize vizuri

Swali la "una aleji?" huku umesimama mlangoni halileti jibu. Wengi husema hapana ili zoezi liishe. Vuta kiti, uliza mambo yanayoonekana: umewahi kuvimba midomo baada ya dawa au chakula, umewahi kutolewa dripu katikati kwa sababu ulizidiwa, una pumu, una ugonjwa wa viungo au wa ngozi unaotibiwa muda mrefu? Pumu kali, ugonjwa wa ngozi wa mzio na magonjwa ambayo kinga inaushambulia mwili wenyewe, kama lupasi na baridi yabisi, huongeza hatari ya kupata mshtuko kutokana na chuma cha mshipani.

Kwetu kusini kuna jibu moja linalohitaji kufafanuliwa.

"Mama, kuna kitu chochote kinachokudhuru mwili?"

"Korosho, mwanangu. Mikono yote inababuka."

"Ukizila, au ukizibangua?"

"Ukizibangua. Kula nakula kila siku."

Mazungumzo hayo mafupi yamemaliza kazi. Mafuta ya ganda la korosho yana kemikali zinazochoma na kubabua ngozi ya mbanguaji yeyote akikosa glavu au jivu la kujipaka. Mkono kubabuka kwa sababu hiyo si kigezo cha kumnyima mama chuma. Angesema anavimba koo au anatapika akila korosho, hilo lingekuwa mzio wa chakula wa kweli, na ungeliandika kwenye faili.

Uliza pia kuhusu salfa. Wakati wa kuipuliza mikorosho dhidi ya ubwiri unga, wakulima wengi hukohoa na kuwashwa macho. Kikohozi kinachokuja shambani na kuisha jioni ni kimoja. Kifua kinachopiga filimbi usiku ni kingine, na cha pili kinaweza kuwa pumu isiyotibiwa. Sikiliza kifua kwa stetoskopu kabla ya kufungua kichupa chochote.

Halafu dawa za presha. Anayetumia propranololi au atenololi, adrenalini inaweza isimfanyie kazi ipasavyo ikihitajika. Daktari ajue mapema.

Mjamzito aliye miezi mitatu ya mwanzo haanzishiwi chuma cha mshipani. Mwenye bakteria kwenye damu pia asubiri, kwa sababu chuma kinawalisha na wao.

Hatua ya 3: Trei ya dharura iwe tayari kitandani

Isiwe kabatini, na ufunguo usiwe kwa mkuu wa zamu aliyekwenda chai. Adrenalini ya mg 1 kwa ml 1, mabomba ya sindano, oksijeni iliyojaribiwa, dripu ya maji ya chumvi ya lita moja pamoja na mrija mpya, mashine ya presha. Pima presha, mapigo na upumuaji kabla ya kuanza. Bila namba za mwanzo huwezi kujua kama presha imeshuka.

Hatua ya 4: Maji sahihi kwa dawa sahihi

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo pana madhara mengi yanayoweza kuepukika kwa urahisi.

Chuma cha mshipani huchanganywa na maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Amfoterisini ya liposomu na doksorubisini ya liposomu huchanganywa na dekstrosi ya asilimia 5. Ukibadilishana, unaharibu. Amfoterisini ya liposomu ikikutana na chumvi hutoka kwenye mchanganyiko wake na kuganda vipande. Andika kwa kalamu nene ukutani mwa chumba cha kuchanganyia: CHUMA NA CHUMVI, LIPOSOMU NA SUKARI.

Mtego wenyewe uko kwa mgonjwa wa fangasi ya ubongo. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2022 linapendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu, mg 10 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na flusitosini na flukonazoli za kumeza kwa siku 14. Ili kulinda figo, mgonjwa hutangulizwa lita moja ya maji ya chumvi yenye potasiamu. Ikiisha, mrija ule umejaa chumvi. Ukichomeka chupa ya liposomu palepale, dawa inakutana na chumvi ndani ya mrija, karibu na mkono wa mgonjwa, mahali ambapo hutazami. Weka mrija mpya, au angalau uusafishe kwa dekstrosi kwanza, pamoja na kanula.

Sasa uchanganyaji. Chukua mgonjwa wa kilo 50: anahitaji mg 500, yaani vichupa 10 vya mg 50. Kila kichupa kitiwe ml 12 za maji safi ya sindano, kisha kitikiswe kwa nguvu kwa sekunde 30 mpaka unga wote upotee na maji yawe ya njano, yenye ukungu. Vuta kwa bomba, pitisha kwenye kichujio cha maikroni 5 kinachokuja na boksi, ingiza kwenye ml 500 za dekstrosi. Kichujio kimoja kwa kichupa kimoja. Doksorubisini ya liposomu yenyewe haitikiswi namna hiyo wala haipitishwi kwenye kichujio cha mrija.

Kwa chuma, tatizo huwa ni maji mengi kupita kiasi. Chembe ya chuma imevikwa sukari, na vazi hilo linakaa imara likiwa kwenye ujazo uliopangwa. Ukiizamisha mg 200 ya chuma cha sukrosi kwenye lita moja ukidhani unampunguzia mgonjwa makali, vazi linaweza kulegea na chuma kikabaki uchi kwenye damu, na chuma kilicho uchi ndicho kinachoshusha presha. Usizidishe ml 200 kwa mg 200, na iingie kwa dakika zisizopungua 30. Chuma cha kaboksimaltosi cha mg 1000 hakizidi ml 250, dakika zisizopungua 15.

Jambo moja zaidi kuhusu maji: yawe ya kichupa kilichofunguliwa sasa hivi. Bakteria waliokufa huacha mabaki ya kuta zao yanayoiwasha kinga vikali, na kuchemsha hakuyaondoi; kiwandani vyombo vya glasi huchomwa kwa joto kavu la nyuzi 250 kwa nusu saa ili kuyamaliza. Mabaki hayo yakishikamana na chembe za nano, kinga hupokea vichokozi viwili kwa wakati mmoja. Chupa ya maji iliyochomwa sindano jana na kufunikwa kwa plasta ni ya kutupa.

Hatua ya 5: Matone ya mwanzo

Baadhi ya karatasi za amfoterisini ya liposomu zinashauri dozi ya majaribio kabla ya tiba mpya: mg 1 hivi kwa dakika 10, kisha unasimamisha na kumtazama mgonjwa nusu saa. Kwa mchanganyiko wetu wa juu, mg 500 ndani ya ml 625 hivi, mg 1 ni karibu ml 1.25. Mrija wa matone 20 kwa ml utatoa matone 25. Hayo ni matone mawili au matatu kwa dakika. Hesabu kwa saa, usikadirie kwa macho, na uhesabu kuanzia dawa inapofika kwenye kanula. Mambo yakiwa shwari, endelea mpaka imalizike ndani ya saa mbili, ambayo ni kama matone 104 kwa dakika. Usianzie hapo, panda kidogo kidogo.

Doksorubisini ya liposomu mwanzoni isizidi mg 1 kwa dakika. Chuma hakihitaji dozi ya majaribio. Wasimamizi wa dawa wa Ulaya waliacha kuipendekeza mwaka 2013 kwa kuwa ilikuwa inawapa watu utulivu wa uongo. Kinachotakiwa ni kumtazama mgonjwa muda wote na angalau dakika 30 baada ya kumaliza.

Dakika 15 za kwanza usiondoke. Najua wodi ina wagonjwa wengi na muuguzi ni mmoja. Basi panga muda: anzisha dripu baada ya kugawa dawa za asubuhi, si katikati yake, na usianzishe mbili kwa pamoja.

Kwenye ngozi nyeusi, uso kuiva hauonekani upesi. Tazama viganja, ndani ya kope na midomo kwa ndani. Muulize, "Unahisi joto? Kifua je? Kiuno?" Wazee wetu watakujibu "naendelea vizuri tu, mwanangu" huku wameshika godoro. Mwambie mwanzoni kabisa kuwa kuvumilia hapa ni hatari, na kwamba ukisimamisha dawa haina maana kwamba hataipata tena.

Hatua ya 6: Mambo yakiharibika

Funga dripu kwanza. Maswali baadaye.

Kama ni joto usoni, maumivu ya mgongo au kifua kubana kidogo, na presha iko sawa, hapigi filimbi kifuani, hajavimba, subiri dakika 15. Kwa chuma, hali hii mara nyingi huisha yenyewe, na unaweza kuanza tena kwa nusu ya kasi kwa idhini ya daktari. Usikimbilie promethazini kwa mgonjwa wa chuma. Inaweza kushusha presha na kupandisha mapigo, na kadhia ndogo ikaonekana kama mshtuko mkubwa. Kwa sababu hiyohiyo usiitoe kama kinga kabla ya chuma.

Liposomu ya amfoterisini ina sura yake: maumivu ya kifua na kukosa pumzi, au maumivu makali ya ubavu, tumbo na miguu, au uso kuiva na vipele, mara nyingi ndani ya dakika 5 za mwanzo. Hapa kusimamisha pamoja na dawa ya antihistamini aliyoiandika daktari kwa kawaida husaidia.

Presha ikishuka, koo likivimba, kifua kikipiga filimbi, au akipoteza fahamu, hiyo ni anafilaksia, na hakuna haja ya kujadili kama ni mzio wa kweli au ni komplementi. Tiba ni moja. Adrenalini mg 0.5, yaani ml 0.5 ya ile ya mg 1 kwa ml 1, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Kwa mtoto, mg 0.01 kwa kilo. Rudia baada ya dakika 5 kama hajarudi. Mlaze, inua miguu. Mjamzito umlaze ubavu wa kushoto. Anayehangaika kupumua aketi. Oksijeni. Ondoa mrija wenye dawa wote, funga mpya, mimina maji ya chumvi haraka. Usisukume chumvi kwenye mrija wenye liposomu, maana utamsukumia dawa iliyobaki pamoja na mabonge. Haidrokotisoni inakuja baada ya adrenalini, kamwe si badala yake.

Hatua ya 7: Andika ili mwingine asome

Jaza fomu ya njano ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) siku hiyohiyo. Andika jina la kiwanda na namba ya bechi, siyo jina la dawa tu, kwa sababu chembe za viwanda viwili zenye dawa ileile zinaweza kutendewa tofauti na kinga. Bechi moja ikileta shida Nachingwea na Newala kwa wiki moja, ni fomu hizo zitakazoionyesha. Tunza kichupa na masalia kwenye mfuko wenye jina.

Kwenye faili, "aleji ya chuma" ni maneno yanayoweza kumgharimu mama uhai miaka miwili baadaye, atakapojifungua akitoka damu na mtu akaogopa kumpa kitu. Andika kilichotokea: "Chuma cha sukrosi mg 200 ndani ya ml 200 za maji ya chumvi. Dakika ya 4, joto usoni na maumivu ya mgongo. Presha 118/74, kifua safi, hakuna vipele. Imesimamishwa dakika 15, imeanzishwa kwa nusu ya kasi, imeisha salama." Mwenzako wa Ndanda au Muhimbili akisoma hivyo atajua mgonjwa huyu anaweza kupewa tena, polepole. Aliyepata anafilaksia naye aandikwe waziwazi, na dawa hiyo asirudishiwe.

Nakili maneno hayohayo kwenye kadi yake ya kliniki, umsomee, naye akueleze alivyoelewa kabla hajaondoka.